Ala ya kwanza ya muziki kwa mtoto: kabla ya kwenda dukani, soma hapa

Mwalimu wa Nyuzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Likizo ya Desemba ikikaribia wazazi huniuliza swali moja: "Mwalimu, mtoto nimnunulie nini?" Nafundisha watoto fidla na kinanda hapa Dar, wengi wao wa miaka sita hadi kumi na mbili, na naona jambo hili linastahili uzi wake, halitoshi kujibiwa kwa ujumbe wa mistari miwili.

Kwanza jiulize: nani atamfundisha, na atapiga na nani? Nimeyaweka haya mbele makusudi, kwa sababu ndiyo yanayoamua kama ala itapigwa au itakaa juu ya kabati. Mtoto anayejifunza kinanda huku parokiani kwao kuna kwaya ya watoto ana sababu ya kufanya mazoezi Alhamisi, maana Jumapili anasubiriwa. Mtoto wa Unguja anayejifunza ganuni, ile ala ya taarabu yenye nyuzi nyingi, ana chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanza 2002, na anao wakubwa wa kuwatazama kwenye vikundi vya taarabu: Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Mtoto yuleyule mpe ganuni mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja wa kumwekea sawa zile nyuzi sabini na kitu, na hata awe na kipaji cha namna gani, atachoka. Kwa hiyo mimi huwaambia wazazi watafute kwanza mtu mzima mvumilivu, anayeipiga ala yake vizuri, ambaye mtoto anaweza kumfikia kila wiki bila safari ya kumchosha. Ala itafuata.

La pili ni sikio la mtoto. Mpeleke akasikie ala zikipigwa mbele yake, kwa sababu spika ya simu inaua nusu ya sauti, hasa ile ya chini. Kanisani, kwenye maulidi, kwenye taarabu, kwenye tamasha la kila mwaka pale chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, kwenye gwaride la bendi ya shule. Usimuulize maswali mengi. Angalia anasogea wapi na anaimba nini mkirudi nyumbani. Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla wa Japani (1898–1998), alijenga njia yake yote ya kufundisha watoto juu ya msingi huu: mtoto asikie kwanza, tena asikie sana, kama alivyosikia lugha ya nyumbani kabla ya kuizungumza, kusoma nota kuje baadaye, na mzazi akae darasani pamoja naye. Hilo la mzazi kukaa darasani nalishikilia sana. Mtoto wa miaka sita hawezi kukumbuka peke yake nyumbani kidole gumba kilitakiwa kukaa wapi.

La tatu ni mwili. Fidla ina saizi: thumni, robo, nusu, robo tatu, na nzima ya mtu mzima, na zipo ndogo zaidi ya hizo. Usinunue kubwa "akue nayo" kama sare ya shule. Kuna kipimo kisichohitaji rula. Mtoto asimame wima, fidla ikae begani, kisha anyooshe mkono wa kushoto chini yake mpaka kwenye kichwa cha fidla, pale mbao ilipojikunja kama konokono. Kiganja kikikikumbatia kile kichwa huku kiwiko kimekunjika kidogo, inamfaa. Akilazimika kunyoosha mkono mpaka ukakaza, ni kubwa. Watoto wengi wa miaka sita na saba huangukia kwenye robo, lakini pima, maana wapo warefu na wapo wafupi.

Na kwa wanaoagiza fidla mtandaoni, mambo mawili yatawashtua. Upinde mpya hautoi sauti kabisa. Haujaharibika. Manyoya yake yanahitaji rozini, kile kipande kigumu cha rangi ya asali kinachokuja kwenye kisanduku. Upinde mpya upake kwa subira, huku na huku, mpaka uone vumbi jeupe limeshika kwenye manyoya. La pili, kile kibao chembamba kinachoinua nyuzi mara nyingi hufika kimelala. Hakigundishwi kwa gundi hata siku moja, kinasimama kwa mgandamizo wa nyuzi tu. Mpelekee mwalimu akisimamishe, tafadhali sana.

Karibuni tujadili. Tajeni umri wa mtoto na mahali mlipo, nitajibu kadiri niwezavyo.

---

Mama wa Wawili

Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka saba, tuko Mbezi. Dukani wananiambia nianze na kinanda kwa sababu ndicho msingi wa ala zote. Kuna kidogo cha bei nafuu na kingine kirefu cha karibu bei maradufu. Nichukue kipi? Na je, ni kweli lazima aanze na kinanda?

---

Mwalimu wa Nyuzi

Marahaba mama. Si lazima. Kinanda kina faida kubwa mbili: mtoto akibonyeza anapata sauti iliyo sawa siku ile ile, na noti zote zimepangwa mbele ya macho yake, za chini kushoto, za juu kulia. Anaelewa haraka noti zinavyokaa pamoja. Lakini hakimfundishi kuitafuta sauti kwa sikio kama fidla, wala kuipa sauti pumzi kama filimbi. Kwa hiyo mimi sikiiti msingi wa ala zote. Ni ala moja nzuri miongoni mwa nyingi.

Ukiamua kinanda, chukua chenye vibonyezo 61 kwenda juu, na vibonyezo viwe vya ukubwa wa kawaida, si vile vyembamba vya kuchezea. Kisha fanya jaribio hili palepale dukani: bonyeza kibonyezo kimoja polepole, halafu kibonyeze kwa nguvu. Sauti ikitoka ileile mara zote mbili, kiache, au mwambie muuzaji akutafutie kinachohisi mguso. Mtoto akijifunzia kisichohisi mguso vidole vyake havitajua tofauti ya kunong'ona na kuita, na kuja kuvirekebisha baadaye ni kazi. Nunua na stendi yake. Kinanda kikiwekwa juu ya meza ya kulia chakula, mabega ya mtoto yanapanda mpaka masikioni.

Kama ni familia ya kanisani, kinanda kina neema nyingine. Tovuti ya Swahili Music Notes imejaa nota za nyimbo za kwaya zetu, kwa hiyo hatakosa cha kupiga ambacho tayari anakijua mdomoni. Mtoto anayepiga wimbo anaoujua hugundua kosa lake mwenyewe kabla hujafungua mdomo.

---

Baba Kelvin

Mimi nakataa kidogo mwalimu. Mtoto wa sasa umwambie asubiri miezi ndipo fidla itoe sauti inayosikilizika? Atakata tamaa. Kinanda au gitaa anapata wimbo wiki ya kwanza. Mimi wangu ana miaka nane anataka gitaa, na simzuii.

---

Mwalimu wa Nyuzi

Usimzuie, kaka. Mtoto aliyeomba mwenyewe yuko mbele ya aliyechaguliwa. Na hoja yako ina ukweli: fidla inadai uvumilivu wa nyumba nzima, siyo wa mtoto tu. Mzazi anayejua kwamba nyumbani mtoto ataambiwa "acha makelele" asimwanzishe fidla.

Lakini gitaa nalo lina mtego. Mletee la nyuzi za nailoni, saizi ya nusu au robo tatu kulingana na mwili wake. Magitaa ya nyuzi za chuma, hasa yale ambayo nyuzi zimekaa juu mbali na shingo ya gitaa, yanakata ncha za vidole vya mtoto wa miaka nane, na ndani ya wiki mbili atakuwa anatafuta visingizio. Liangalie kwa ubavu: nyuzi kuinuka kidogo kadiri unavyoelekea kwenye tundu ni kawaida, lakini zikiachana sana na ubao, lirudishe au litafutie fundi azishushe nyuzi. Pia sisi wa pwani tunajua chumvi ya hewa inavyokula chuma. Nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na gitaa lisiachwe ndani ya gari juani, gundi inaachia.

Kama vidole bado vidogo mno, kuna ukulele, nyuzi nne za nailoni. Mpangilio wake unafanana na nyuzi nne za mwisho za gitaa, zile nyembamba, kwa hiyo maumbo ya vidole anayojifunza leo atayatumia akihamia gitaa.

Na kwa kuwa umegusa gitaa, mtazame Franco Luambo wa Kongo. Gitaa lake la kwanza utotoni alijitengenezea mwenyewe kwa kopo na nyaya. Watu husimulia hapo wakaishia kwenye lile kopo. Mimi nashika sehemu inayofuata: alikuwepo Paul Ebengo Dewayon wa kumfundisha, na ulikuwepo umati wa sokoni, kwenye biashara ya mama yake, wa kumsikiliza. Mwalimu karibu, wasikilizaji karibu. Hicho ndicho ninachokipigania kwenye uzi huu.

---

Mchagga wa Tarumbeta

Salamu kutoka Moshi. Huku kwetu sharika nyingi za KKKT, kanisa letu la Kilutheri, zina vikundi vya tarumbeta, tumerithi tangu enzi za wamisionari wa Kijerumani. Kijana wangu ana miaka sita na nusu, anaomba aanze kama babu yake. Tarumbeta ya babu ipo, mwalimu ni babu mwenyewe. Umri unaruhusu?

---

Mwalimu wa Nyuzi

Ndugu yangu, hapo mna utajiri ambao fedha hainunui. Babu, ala na kikundi viko mahali pamoja! Ninachoomba ni msubiri meno. Umri huo meno ya mbele ndiyo yanang'oka na kuota upya, na tarumbeta inakaa juu ya midomo inayoegemea meno hayo. Subirini yale ya kudumu, ya juu na ya chini, yatoke na yakomae; kwa wengi inakuwa miaka minane au tisa.

Muda wa katikati usipotee bure. Babu amfundishe kutetemesha midomo bila tarumbeta, ile sauti ya nyuki, iwe mchezo tu wa dakika chache. Amfundishe kuimba sauti zote nne za nyimbo za kikundi kwa do-re-mi. Amkalishe kwenye mazoezi akigonga mapigo mapajani. Siku atakapokabidhiwa ala, sikio lake litakuwa limeshatangulia, na kwa tarumbeta sikio ni nusu ya kazi, kwa sababu vile vitufe vitatu havitoshi kutofautisha noti. Kibonyezo kilekile kinatoa noti kadhaa, midomo ndiyo inayochagua.

---

Wambui wa Thika

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku Kenya watoto hufundishwa rekoda shuleni, kwa hivyo ala ya kwanza ya wengi tayari imeamuliwa. Wangu analeta sauti kali ya mluzi nyumbani, majirani wamelalamika. Nimeambiwa rekoda ni ya kuchezea tu, kwamba nimtafutie ala ya ukweli. Mnasemaje?

---

Mwalimu wa Nyuzi

Dada Wambui, rekoda ni ala kamili. Watunzi wakubwa wa Ulaya wa karne ya 17 na ya 18, Bach akiwemo, waliiandikia muziki mgumu unaopigwa mpaka leo kwenye kumbi kubwa. Ile sauti ya mluzi ina sababu mbili, na zote zinatibika.

Kwanza, anapuliza kwa nguvu. Mwambie apulize kama anayetaka kuupepea mshumaa bila kuuzima. Pili, vidole havizibi matundu. Mwache apige noti moja ndefu, kisha atoe vidole na akuonyeshe ncha zake: kila kidole kilichoziba vizuri kitakuwa na alama ya duara kamili la tundu. Duara likiwa nusu, hewa inavujia hapo, na hapo ndipo mlio unapopasuka. Watoto wanapenda sana kukagua haya maduara wenyewe.

Jambo la kumuuliza mwalimu wake kabla ya kununua nyingine: zipo za mpangilio wa vidole wa baroko na za Kijerumani. Ya Kijerumani ina noti moja rahisi zaidi mwanzoni, ile fa, lakini inaharibu noti nyingine atakazozihitaji mbele, hasa fa iliyopandishwa. Mimi naunga mkono baroko. Lakini darasa zima likiwa na ya Kijerumani, mnunulie wanayotumia wenzake, asije akawa peke yake anayebonyeza tofauti.

Na kama anaipenda, msimkatishe. Vidole na pumzi ya rekoda vitamsaidia kesho akihamia filimbi kubwa ya pembeni au klarineti.

---

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Assalaam alaykum. Mimi bibi, nalea wajukuu watatu hapa Unguja. Mmoja anataka udi kama wa marehemu mjomba wake. Babake hataki kusikia habari za nyuzi, anasema mtoto akae na dufu za madrasa, inatosha. Sitaki ugomvi nyumbani, lakini mtoto ana moyo.

---

Mwalimu wa Nyuzi

Wa alaykumu salaam, shikamoo bibi. La nyuzi ni la familia yenu na imani yenu, mimi siliingilii. Baba yake ndiye mzazi na usemi wake una uzito. Naomba tu niseme neno kwa ajili ya dufu, maana watu huliona dogo. Mtoto anayeshika dufu kwenye kasida anajifunza mambo ambayo wanafunzi wangu wengi wa kinanda wanayakosa: kushika mwendo bila kukimbia, kumsikiliza anayeimba, kujua mahali pa kunyamaza, kubadilisha mwendo pamoja na watu ishirini bila mtu kuhesabu kwa sauti. Nikimpata mtoto wa namna hiyo, hata asijue noti moja, namfundisha kwa nusu ya muda.

Kwa hiyo bibi, mwache azame kwenye dufu kwa moyo wote. Amfuate yule fundi anayeongoza, ajifunze mapigo yote, siyo la kuitikia tu. Na kama siku moja baba atakubali udi, mtaupeleka mkono ambao umeshajua mwendo. Udi wa mjomba, kama upo, usikae ukutani nyuzi zimekazwa miaka yote. Mtafuteni fundi azilegeze kidogo, ili mvuto wake usije ukaupinda uso wa udi.

---

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Ahsante mwanangu. Upo, na nyuzi mbili zimekatika zenyewe. Nitamtafuta fundi. Babake nitamsomea uliyoandika kuhusu dufu.

---

Neema Dodoma

Mwalimu, wote mnazungumzia ala za nje. Sisi Wagogo tuna ilimba, ile ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze la nyuzi. Binti yangu ana miaka tisa anataka ilimba, shangazi zake wanasema hizo ni ala za wanaume.

---

Mwalimu wa Nyuzi

Neema, asante kwa kunikumbusha, maana ingekuwa ni amri yangu, ilimba ingekuwa kwenye kila shule ya msingi nchini. Haihitaji umeme, inabebeka kwenye mfuko wa shule, vidole gumba viwili vinaanza kazi siku hiyohiyo, na sauti yake haimchoshi jirani. Anza na yenye vijiti vichache vya chuma, kubwa zitakuja. Muhimu aliyeitengeneza au anayeipiga aiweke kwenye mlio wa Kigogo, maana nyingine zinazouzwa kwa watalii hazijawekwa kwenye mlio wowote, ni pambo. Vijiti husogezwa mbele na nyuma kuweka mlio sawa. Akifundishwa hilo mapema atakuwa fundi wa ala yake mwenyewe.

La shangazi, waonyeshe Zawose Queens. Pendo na Leah ni binti na mjukuu wa marehemu Hukwe Zawose, yule aliyezipeleka ilimba na zeze kwenye majukwaa ya dunia. Leo wanawake wa ukoo huo wanazipiga wenyewe, mbele ya watu. Unguja nako kuna Tausi, kundi la taarabu la wanawake watupu alilolianzisha Mariam Hamdani, na humo fidla, ganuni na udi viko mikononi mwa wanawake. Shangazi wakisikia binti anaimba wimbo wa kwao huku vidole vinafuata, nadhani watabadilika wenyewe.

---

Baba Kelvin

Swali la haraka mwalimu: wangu anatumia mkono wa kushoto. Gitaa nigeuze nyuzi?

---

Mwalimu wa Nyuzi

Mpe kwanza gitaa la kawaida, mwache alishike bila kumwelekeza, mara kadhaa siku tofauti. Kila akiligeuza mwenyewe, mtafutie la kushoto. Akilishika kama wengine, mwache hivyohivyo, mkono wake wa kushoto wenye nguvu utakuwa na kazi nyingi kwenye shingo ya gitaa. Kwa fidla hatugeuzi, kwa sababu kwenye kundi pinde zote zinaelekea upande mmoja, na anayepiga kinyume atamgonga jirani yake.

---

Mama wa Wawili

Mwalimu narudi na mrejesho. Tulikwenda kusikiliza kwaya yenye kinanda na fidla mbili. Binti alikaa mbele kabisa, kinanda hakukitazama. Njiani anajifanya ana upinde. Sasa naogopa gharama na nilishajiandaa kwa kinanda.

---

Mwalimu wa Nyuzi

Mama, binti ameshajibu. Usinunue chochote wiki hii. Rudi kwenye ile kwaya, waulize wale wapiga fidla wawili nani aliwafundisha na kama yupo anayechukua watoto. Ukimpata mwalimu, muulize kama ana fidla ya robo ya kuazima au kukodi. Watoto hupanda saizi, za zamani zinabaki kwa walimu na kwa familia nyingine, kwa hiyo robo na nusu za mkono wa pili huwa zipo kwa anayeuliza. Fedha uliyotenga kwa kinanda itatosha masomo ya mwanzo na seti ya nyuzi za akiba, ule mwembamba wa mi ndio hukatika kwanza.

Nyumbani dakika kumi kwa siku, muda uleule kila siku, nawe ukiwa umekaa pembeni. Ukishapata fidla, ifanyie kile kipimo cha kiganja na kiwiko, kisha uje utuandikie hapa ni saizi gani, nikuelekeze nyuzi za kununua.